Kocha Mwingereza na Sanduku Lake

Juma lililopita, mazungumzo yangu ya redioni yalipokwisha, msikilizaji mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, alipiga simu. Hakuwa na salamu ndefu. "Bwana mtangazaji," akasema, "hawa makocha wa Kizungu wanaoajiriwa leo na kufukuzwa kesho, wakishapanda ndege wanatuachia nini?" Nikamjibu kwamba swali lake ni zito kuliko dakika nilizobakiwa nazo, nikamwomba asubiri juma moja. Nadhani alifikiri namkwepa. Haya basi, jibu lake nimekwisha kulitoa hewani, na ninyi mnaonunua gazeti mnalipata hapa pamoja na yale ambayo saa ya studio haikuniruhusu kuyasema.

Ili tusizungumze mambo ya juu juu, nimemchukua mtu mmoja nimweke mezani. Anaitwa Stewart Hall, Mwingereza. Wapenzi wa kandanda wanamkumbuka kwa Azam, wale wana lambalamba wa Chamazi. Kabla ya kufika kwetu alikuwa akifundisha vijana katika klabu ya Birmingham City, kisha akaenda India, ambako msimu wa 2009/10 aliifundisha Pune FC, ikashika nafasi ya tatu ikiwa ndiyo kwanza imepanda ligi kuu. Mwaka 2010 akatua Zanzibar kuifundisha timu ya taifa, na kabla vumbi la safari halijamtoka akavuka maji kwenda Azam. Tangu hapo orodha yake ni kama ratiba ya ndege: Azam, Sofapaka ya Nairobi, Azam tena, Azam kwa mara ya tatu, AFC Leopards ya Nairobi, Saif Sporting ya Bangladesh, Saint George ya Addis Ababa, Wazito ya Nairobi.

Kwetu Uhayani mtu wa namna hiyo angetiliwa shaka. Angeulizwa kibanja chake kiko wapi. Mtu mwenye kibanja amefungwa na migomba yake. Hapandi leo akahama kesho, maana mgomba hauzai kwa haraka ya mwenye njaa. Lakini tusimhukumu mapema. Kazi ya ukocha ndiyo ilivyo, na Waingereza wameifanya kwa mtindo huo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tena Mwingereza wa kupita si mgeni Bukoba. Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli zilitoka Kisumu zikaja na askari chini ya Jenerali mmoja aliyeitwa Stewart, ambalo ni jina la familia na wala si jina la kwanza kama la kocha wetu, ila masikio yangu hayawezi kuacha kulisikia. Miongoni mwa askari hao kilikuwamo kikosi cha ajabu, kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichojaa watu waliokwisha kuzunguka dunia: wawindaji, wachimba dhahabu, mabaharia wastaafu. Alikuwamo Frederick Selous, yule ambaye jina lake lilikuja kupewa pori letu kubwa la wanyama kule kusini. Walipigana na Wajerumani tarehe 22 na 23, wakavunja mnara wa simu ya upepo ambao Wajerumani waliutumia kuzungumza na wenzao, wakaupora mji, kisha wakapanda meli zao wakaondoka. Mimi nikiwa mtu wa redio huusikitikia sana ule mnara. Watawala wa Kiingereza walirudi baadaye na kukaa, lakini wale wa kwanza walikuwa wa siku mbili tu.

Makocha hawakuja kupora, tuseme haki. Wa kwanza wao walioanza kuzunguka dunia walitoka kwao kwa sababu kwao hawakuthaminiwa. Chukua Jimmy Hogan, mtu wa Lancashire. Alifundisha Austria, akafundisha MTK ya Budapest wakati wa vita ile ile ya 1914, akapita Uswisi na Ujerumani. Tarehe 25 Novemba 1953, Hungary ilipoikung'uta Uingereza mabao 6 kwa 3 pale Wembley, viongozi wa soka wa Hungary walisema wazi kwamba mchezo ule waliufundishwa na Hogan. Waingereza wakaanza kuulizana huyo Hogan ni nani. Au chukua George Raynor, aliyeipa Sweden medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948 na kuifikisha fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1958, ikafungwa na Brazil ya kijana Pele. Aliporudi kwao kazi aliyopewa ilikuwa kuifundisha Skegness Town, timu ndogo ya mji wa pwani wa kupumzikia. Nabii na kwao, ndugu zangu.

Kwa upande wetu wa ziwa, wa kukumbukwa ni Alan Rogers. Januari 1962, Uganda ikiwa bado haijapata uhuru wake wa Oktoba mwaka huo, ilikwenda Addis Ababa kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na kocha wake alikuwa huyo Rogers. Timu zilikuwa nne tu. Uganda ilifungwa 2 kwa 1 na Misri, ambayo wakati ule ilijiita Jamhuri ya Kiarabu, kisha ikafungwa 3 bila na Tunisia, ikawa ya nne. Huku Bukoba mambo ya Kampala hayajawahi kuwa ya mbali. Lugha zetu ni ndugu, na kabla barabara hazijatengenezwa ilikuwa rahisi kwa mtu wa hapa kufika Kampala kuliko kufika Dar es Salaam. Rogers naye hakukaa. Miaka ya 1970 alikuwa Tehran na klabu ya Persepolis, akaipa ubingwa wa Iran. Ukimweka Rogers na Hall kwenye kiti kimoja utaona ni watu wa ukoo mmoja, ingawa hawana damu moja.

Sasa mtu atauliza: mbona Tanzania Bara, iliyotawaliwa na Waingereza zaidi ya miaka arobaini, majina makubwa ya makocha wake wa kigeni wa zamani si ya Kiingereza? Jibu moja liko kwenye siasa. Desemba 1965, Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na uhusiano huo haukurudi mpaka 1968. Nchi ikatazama kwingine kutafuta marafiki, na mpira ukafuata njia ile ile. Tulipata walimu kutoka Ulaya ya Mashariki. Yanga walikuwa na Tambwe Leya kutoka Zaire, ambaye enzi zake ziliisha kwa mgogoro uliozaa Pan African. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980, kocha wa kigeni aliyekuwa nayo alikuwa Mpoland, Slawomir Wolk.

Naomba nisimame kidogo hapo, maana watu wa Kagera tuna sababu zetu za kuikumbuka safari ile. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia, wakalipua daraja la Kyaka, wakakiharibu na kukipora kiwanda cha sukari. Miezi michache baada ya vita kwisha, Agosti 1979, Taifa Stars iliifunga Zambia bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, kisha ikaenda Ndola na kutoka sare ya 1 kwa 1 kwa bao la Peter Tino. Ndipo tukaingia fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Na aliyeifundisha timu hadi ikafuzu alikuwa Joel Bendera, Mtanzania mwenzetu. Bendera ndiye aliyelima, Mpoland akaja wakati wa mavuno. Kumbukeni jambo hilo, maana miaka 34 baadaye lilijirudia kwa namna nyingine, na safari hii aliyelima alikuwa Mwingereza.

Namrudia Hall. Azam ilianzishwa na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa mwaka 2004, ikapanda ligi kuu mwaka 2008. Hall alipoichukua mwishoni mwa 2010 kutoka kwa Mbrazili Itamar Amorim, ilikuwa timu yenye fedha na isiyo na historia. Ninyi mnajua ligi yetu ilivyo: kuna Simba, kuna Yanga, na kuna wengine. Mtu akizaliwa anakabidhiwa moja ya hizo mbili kama anavyokabidhiwa dini. Hall alifanya kazi ya kuwafanya wale "wengine" waogopwe. Msimu wa 2010/11 Azam ilikuwa ya tatu. Msimu uliofuata ikawa ya pili nyuma ya Simba. Uliofuata tena ikawa ya pili nyuma ya Yanga. Kombe la Mapinduzi ikalichukua mwaka 2012 na 2013. Na katika Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2013 ilizitoa Al-Nasir ya Juba na Barrack Young Controllers ya Liberia, ikaja kukwama kwa FAR Rabat ya Morocco kwa tofauti ya bao moja.

Lakini ndani ya habari hiyo nzuri kuna fukuza fukuza. Julai 2012 Azam iliingia fainali ya Kombe la Kagame, ikafungwa na Yanga 2 bila. Siku chache baadaye Hall akaonyeshwa mlango. Akaletwa Mserbia, Boris Bunjak. Hall akaenda zake Nairobi kwa Sofapaka. Bunjak akafungwa na Simba 3 kwa 1 Oktoba, naye akaonyeshwa mlango ule ule, na Novemba Hall akaitwa arudi. Yaani klabu ililipa kumwondoa, ikalipa kumleta mwingine, ikalipa kumwondoa huyo mwingine, ikalipa kumrudisha wa kwanza, yote hayo kati ya Julai na Novemba. Tajiri anaweza kucheza mchezo huo. Klabu ya mkoani ikiucheza mara moja tu inauza basi la wachezaji.

Kisha Novemba 2013, wakati huku kwetu watu wako kwenye senene, ukaja mchezo wa mwisho wa mzunguko wa kwanza. Azam ilitoka sare ya 3 kwa 3 na Mbeya City ya Juma Mwambusi, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu ule na kutetemesha nchi nzima. Azam ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja. Hall akaondoka. Mtu anaondoka na timu haijafungwa! Akaja Mcameroon, Joseph Omog, akaikuta nyumba imejengwa hadi kwenye linta. Akapaua. Aprili 2014, kwenye uwanja wa Sokoine, Azam iliifunga Mbeya City ile ile 2 kwa 1 na kuwa bingwa wa Tanzania Bara, haikufungwa msimu mzima. Kwenye kitabu cha mabingwa limeandikwa jina la Omog. Simchukii Omog, alifanya sehemu yake, na kupaua nako ni ufundi, muulize yeyote ambaye paa lake limewahi kuvuja. Nasema tu kwamba nusu ya michezo ile isiyopotezwa ilikuwa ya Mwingereza aliyekwisha funga sanduku.

Na Omog mwenyewe je? Alikuja baadaye kuifundisha Simba. Desemba 2017 Simba ikatolewa Kombe la Shirikisho la nyumbani na Green Warriors, timu ya daraja la chini, kwa mikwaju ya penalti. Omog akafukuzwa.

Hall alirudi Azam mwaka 2015, mara ya tatu. Hapo ndipo alipopata taji kubwa kuliko yote aliyopata kwetu: Kombe la Kagame, Agosti 2015, jijini Dar es Salaam. Azam iliitoa Yanga kwa penalti katika robo fainali, kisha kwenye fainali ikaifunga Gor Mahia 2 bila, mabao ya John Bocco na Kipre Tchetche. Mashindano yote lango la Azam halikuguswa na bao hata moja. Kwenye benchi la Gor Mahia alikaa Frank Nuttall, Mskochi. Waingereza na Waskochi walioanza kupigana mpira wa kimataifa mwaka 1872 kule Glasgow wamekuja kumalizia Temeke, nikajisemea moyoni. Mwaka uliofuata Azam ilimaliza ya pili tena, ikafungwa na Yanga 3 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, na Mei 2016 Hall akaondoka kwa mara ya mwisho.

Sasa tazameni kilichotokea. Klabu ikawaleta Wahispania. Msimu wa 2016/17 Yanga ikawa bingwa, Simba ya pili, na wa tatu hakuwa Azam. Wa tatu alikuwa Kagera Sugar! Timu ya kiwanda kile kile kilichovunjwa na askari wa Amin, kikafufuliwa, ikiwa chini ya Mecky Mexime, beki wa zamani wa Mtibwa na Taifa Stars, mtu anayezungumza na wachezaji wake Kiswahili asubuhi hadi jioni bila mkalimani. Na msimu ule ndio uliobeba tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa nyumba zetu Bukoba na kuua watu; ibada ya kuwaaga marehemu ilifanyika pale pale Kaitaba. Uwanja ulikuwa ndiyo kwanza umewekwa nyasi bandia, baada ya Kagera Sugar kuishi uhamishoni mikoa ya jirani wakati kazi ile ikiendelea. Sijui kama Dar es Salaam walielewa nafasi ile ya tatu ilikuwa na maana gani kwa watu waliokuwa bado wanalala chini ya maturubai.

Hapa ndipo nataka msikilizaji wangu wa Kamachumu anisikilize vizuri, maana kwenye simu alikuwa amekwisha kuhukumu kwamba Mzungu ni hasara. Si kweli, na kinyume chake nacho si kweli.

Dylan Kerr ni mfano mwingine. Huyu ni Mwingereza aliyezaliwa Malta, alicheza Leeds na Reading, akafundisha Vietnam na Afrika Kusini. Simba walimchukua Julai 2015. Januari 2016, baada ya kufungwa na Mtibwa bao 1 bila katika nusu fainali ya Kombe la Mapinduzi, akafukuzwa. Nusu mwaka tu! Nafasi yake ikashikwa na Jackson Mayanja, Mganda, ambaye sisi huku tulikwisha kumfahamu kitambo kwa kuwa aliifundisha Kagera Sugar kabla ya kwenda Coastal Union. Kerr akaokotwa na Gor Mahia mwaka 2017. Akaipa ubingwa wa Kenya mwaka ule na mwaka uliofuata. Juni 2018, pale Nakuru, Gor Mahia ya Kerr iliifunga Simba 2 bila katika fainali ya SportPesa, ikapata tiketi ya kwenda kucheza na Everton Liverpool. Walifungwa 4 bila, lakini walikwenda. Simba walibaki na kumnunua Meddie Kagere, mmoja wa waliowafunga siku ile. Hivi Kerr alikuwa mbovu Januari 2016 na hodari 2017? Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni uvumilivu wa waliomwajiri.

Na wetu nao tunawafanyia hivyo hivyo. Abdallah Kibadeni, King Mputa, aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake siku ile ya Julai 1977 Simba iliposhinda 6 bila. Ndiye pia aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikafungwa na Stella Abidjan. Msimu wa 2012/13 alikuwa hapa kwetu. Kagera Sugar, kwa fedha ambayo Azam ingeiona ni ya chai, ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Simba wakaiona kazi hiyo, wakamchukua. Kabla ya mwaka 2013 kwisha wakawa wamemwondoa na kumleta Mcroatia, Zdravko Logarusic. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja wa ligi, Mwingereza ameondoka Azam bila kufungwa, na King Mputa ameondoka Simba aliyoitumikia tangu ujana. Mmoja alikuwa na kwao pa kurudi kwa ndege, na mkataba wenye fidia. Makocha wetu wengi hawana hata hilo. Nimewahi kukaa na kocha mmoja wa mkoani, simtaji, tukitafuna kahawa nje ya duka lake la vipuri vya baiskeli. Alikuwa akidai mishahara ya miezi mingi kwa klabu ambayo nayo siitaji. Aliniambia mkataba wake ulikuwa mdomoni mwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikwisha kubadilishwa.

Nadhani kosa letu liko hapo zaidi kuliko kwenye rangi ya kocha. Mgeni anaajiriwa kwa maandishi na kutazamwa kwa darubini. Mwenyeji anaajiriwa kwa maneno na kutazamwa kwa dharau. Wote wawili hawapewi msimu wa pili. Majirani zetu hawana nafuu sana. Rwanda, ng'ambo ya Rusumo, ilimpata Rudi Gutendorf mwaka 1999, Mjerumani aliyefundisha nchi nyingi kuliko kocha yeyote, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipita hata kwetu Taifa Stars. Alikwenda kuwaunganisha Wahutu na Watutsi katika timu moja, miaka mitano tu baada ya mauaji yale yaliyowaleta wakimbizi kwa mamia ya maelfu Ngara. Kazi nzito kama hiyo ilihitaji miaka. Alikaa muda mfupi. Mwaka 2014 wakampata Stephen Constantine, mzaliwa wa London, aliyekwisha kupita Nepal, India, Malawi na Sudan. Hata mwaka haukutimia, India ikamwita tena, akaenda.

Sasa swali la Kamachumu: wanatuachia nini?

Nimetafuta jibu lisilo la maneno matupu. Uwanja wa Chamazi hakuujenga Hall, wala shule ya vijana ya Azam si yake peke yake, ingawa alifanya kazi pamoja nayo, na vijana waliopita mikononi mwa Azam ya miaka ile, kama Himid Mao, Salum Abubakar, Aishi Manula na Farid Mussa, wamebeba Taifa Stars kwa muda mrefu. Farid alifika Tenerife ya Hispania. Hiyo ni faida inayoonekana, lakini ni ya klabu yenye fedha.

Faida ninayoiona mimi ni ya watu waliokaa pembeni yake kwenye benchi. Katika awamu moja ya Azam alikuwapo Kalimangonga Ongala, mtoto wa marehemu mwanamuziki Remmy Ongala, aliyetundika viatu na kuanza kujifunza ukocha pale pale. Miaka baadaye alikuja kushika usukani wa Azam mwenyewe. Na alikuwapo Denis Kitambi. Huyu ndiye nataka mumjue. Hall alipokwenda AFC Leopards, Kitambi alikwenda naye Nairobi, na Hall alipoondoka mwaka 2017, Mtanzania huyo aliachiwa timu ile kubwa ya Waluhya kwa muda. Kisha akamfuata Hall mpaka Bangladesh, kwa Saif Sporting. Hebu fikirini: Mtanzania akiamka asubuhi Dhaka kwenda kuwafundisha Wabengali kandanda. Tulizoea kuwapokea watu wa namna hiyo uwanja wa ndege. Tulikuwa hatujazoea kuwasindikiza.

Kitambi alirudi. Ameifundisha Namungo ya Ruangwa, ameifundisha Geita Gold, majirani zetu wa upande wa Chato. Hakupewa muda mrefu huko, wala sikutegemea apewe. Lakini anapotoka klabu moja anajua njia ya kwenda nyingine, anajua mkataba unasomwaje kabla ya kutiwa saini, na anajua kwamba kufukuzwa Geita si mwisho wa dunia kwa mtu aliyefika Dhaka. Hayo hayafundishwi kwenye kozi za juma moja tunazowapa makocha wetu pale Kaitaba na kuwapiga picha na cheti.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kamachumu, nakurudishia swali lako kwa viongozi wako. Timu ya wilaya ya Muleba ina kocha msaidizi? Analipwa? Siku Kagera Sugar au klabu nyingine ya mkoa huu itakapomleta tena kocha mgeni, Mwingereza, Mganda au Mserbia, katika karatasi zile za mkataba kuna mstari unaosema ni kijana gani wa hapa atakaa pembeni yake, kwa muda gani, na kwa mshahara wa shilingi ngapi? Nilimpigia simu kumuuliza hayo kabla ya kuandika. Akacheka, akasema timu yao haina hata kocha mkuu, kuna mwalimu wa shule ya msingi anayejitolea jioni, na mipira miwili, mmoja umechanika.

Mwalimu huyo amekaa na timu hiyo miaka kumi na moja.